Mashine ya Otonglo Iliyokataa Ijumaa

Siku ya kuniaga mlinipa saa ya ukutani. Nimeitundika sebuleni na inafanya kazi, asanteni. Lakini jamani, mtu mmemwambia hana haja ya kuamka mapema tena, kisha mnampa kitu cha kumwonyesha amechelewa! Mimi ningeomba ile pampu ya kupulizia vumbi. Najua mnaificha nyuma ya kabati, na najua nani kati yenu anaitumia kujazia upepo baiskeli yake.

Kisha mkasema, "Mama Volti, tuandikie mambo ya kazi." Haya, naandika. Vyeo sitavitaja maana vilichelewa, na mishahara mnaijua wenyewe. Nitawaandikia juu ya mashine zinazochemka na mashine zinazojizima, kwa sababu hayo mawili ndiyo yaliyokula miaka yangu katika karakana yetu ya kompyuta hapa Kisumu. Tena bado nawasikia mkimwambia mteja "ni stima tu" kabla hata hamjaligusa boksi lake. Nani aliwafundisha hivyo? Si mimi.

Mimi nilifundishwa na Mzee Ondiek. Wengi wenu hamkumkuta. Alikuwa fundi wa redio kabla kompyuta hazijaingia mtaani, na mpaka mwisho aliiona kompyuta kama redio iliyosomeshwa kupita kiasi. Alikuwa mfupi, mkali, mwenye masikio makubwa, na alikuwa akiiga sauti ya feni mbovu kwa mdomo mpaka mteja anageuka kutazama mashine yake.

Siku yangu ya kwanza nilifika na cheti ndani ya bahasha ya kaki. Hakukitazama. Alinipa kile kisanduku cha bati kinachogawa umeme ndani ya kompyuta, pawa saplai, akasema, "Nusa."

"Ninuse nini, Mzee?"

"Nikikwambia utanusa nilichosema. Nusa."

Nikanusa, nikasema ni plastiki imeungua. Akakifungua. Ndani kulikuwa na mjusi, ameiva vizuri, amekumbatia waya kama mtu aliyeagana na dunia kwa amani. Nilipiga ukelele, wateja wakacheka, na Mzee akasema, "Sasa umeajiriwa." Siku hiyo hakunifundisha kitu kingine isipokuwa mpangilio wa kazi: kwanza pua, halafu sikio, halafu mgongo wa mkono, na bisibisi mwisho kabisa. Kwa nini mgongo wa mkono? Kwa sababu stima ikikupiga kiganjani, vidole vinajikunja na kushika kile kile kinachokuua. Ikikupiga mgongoni mwa mkono, mkono unaruka wenyewe. Nimeona vijana wawili wa diploma wakigusa bati kwa kiganja na nimefumba macho.

Ukija kwenye joto, adui wetu wa kwanza huku mnamjua. Ni wale wadudu wadogo wa ziwa, sami, wanaopanda kutoka majini kama moshi na kufuata taa. Mtu anafanya kazi dirisha wazi kwa sababu ya joto, mashine inawaka, sami wanaingia, feni inawavuta, na baada ya msimu mmoja zile mbavu za bati zinazopoza ubongo wa mashine zimejaa mpaka unaweza kuwakata sami hao vipande kama mkate. Mtu anakuja anasema mashine imezeeka. Haijazeeka, imeshiba! Toa feni, piga brashi ya rangi iliyo kavu, kisha puliza. Na unapopuliza, shika mapanga ya feni kwa kidole. Ukiyaacha yazunguke ovyo kwa upepo wa pampu utaua feni uliyokuja kuiokoa. Halafu paka ile dawa ya kupitisha joto, kiasi cha punje ya choroko, si kama unapaka siagi kwa mkate wa mgeni.

Kulikuwa na bwana mmoja wa Obunga aliyesikia kwamba dawa ya meno inafanya kazi ile ile. Akapaka. Mashine ilikwenda vizuri siku kadhaa, na ilikuwa ikinukia kumshinda mwenyewe, kisha dawa ikakauka ikawa chaki na ubongo ukaungua. Aliponiletea nilimuuliza kama angependa nimng'olee au nimzibie. Hakucheka. Mzee Ondiek alicheka mpaka akaenda kukaa nje.

Upande wa stima pia kuna vituko. Pale Mamboleo kulikuwa na mchungaji ambaye kompyuta yake ilikuwa ikizima kila asubuhi saa nne, akiwa katikati ya kuandika mahubiri. Akaniambia ni vita vya kiroho. Nilikaa naye ofisini, na ilipofika saa nne mke wake akaingia, akachomeka birika la umeme kwenye ekstenshoni ile ile, na shetani akaonekana waziwazi, ana mfuniko na mkono wa kushikia. Nikamwambia mchungaji achague moja, chai au mahubiri. Alifikiri kwa muda mrefu kuliko nilivyotarajia.

Kwa hiyo shikeni hili. Mashine ikizima ghafla, iwashe papo hapo. Ikiwaka na kuendelea kana kwamba hakuna kitu, shuku stima: soketi, ekstenshoni, waya uliolegea, pawa saplai inayochoka. Ikikataa, au ikiwaka kidogo na kuzima tena, halafu ikipoa inakubali, hilo ni joto. Ndani yake kuna ulinzi unaoizima kabla haijaungua. Ina akili kuliko watu wengi ninaowajua, maana inajua wakati wa kunyamaza. Kutoka nje yote mawili yanafanana, kioo kinakuwa cheusi na mteja anapiga kelele.

Sasa niwaambie ile kazi iliyonitesa kuliko zote, maana sheria hiyo niliijua vizuri na bado nilitembezwa kama ng'ombe wa mnadani.

Mama Seline alikuwa na ofisi ndogo ya kuchapa na kutoa kopi pale Otonglo, karibu na barabara ya Busia. Zamani aliuza omena, wale dagaa wa ziwa, kwa beseni katika soko la hapo hapo. Kikundi chao cha akina mama kilimsaidia kununua kompyuta na printa, na akaacha beseni. Mdomo wake hakuuacha. Alichapa barua za shule na fomu za kanisa, lakini chakula chake hasa kilikuwa programu za mazishi. Mnajua kwetu mtu hazikwi hivi hivi. Lazima kuwe na kitabu chenye picha yake ya suti, alizaliwa wapi, alisoma wapi, wake zake kwa mpangilio, watoto wao, wajukuu, na nani anazungumza baada ya nani. Mwili unatoka mochari Ijumaa, mazishi ni Jumamosi. Kwa hiyo Ijumaa ndiyo siku ya Mama Seline, na Ijumaa ndiyo siku ambayo mashine yake iliamua kufa.

Alinipigia simu Jumatatu. "Mama Volti, hii kitu yako imeniaibisha mbele ya watu wenye msiba! Imezima katikati. Wameenda mikono mitupu!"

Si yangu, ilikuwa yake, lakini mashine ikiharibika huwa ni ya fundi. Nilikwenda. Nikakuta ofisi imefagiwa, meza imefutwa, kila kitu mahali pake. Nikafungua boksi, nikatoa sami wa kutosha kulisha kuku, nikapaka dawa mpya, nikaifunga. Nikaifanyisha kazi mchana kutwa pale pale, printa ikiunguruma. Mgongo wa mkono ukaniambia bati lina uvuguvugu tu. Nikamwambia imepona.

Ijumaa ikazima.

Safari hii mambo yalikuwa mabaya. Marehemu alikuwa mzee mwenye nyumba mbili. Bila programu, mshereheshaji alisimama Jumamosi akataja watu kwa kichwa, na kichwa chake kikasahau nyumba ya pili yote, mama na watoto. Watu wa nyumba ya pili wakasimama. Wajomba wakasimama. Maneno yaliyosemwa pale kaburini sitayaandika. Na mwisho wa yote, nani alaumiwe? Si mshereheshaji. Ni Mama Seline na mashine yake.

Akaja mjini mwenyewe, akaketi kwenye kiti cha wateja, na kwa mara ya kwanza alizungumza polepole.

"Watu wameanza kupita mlango wangu wanaenda kuchapa mjini. Nimeaibika mara mbili. Ikitokea tena, Mama Volti, nafunga. Narudi kwa omena, na hao omena wenyewe siku hizi wameadimika. Na wale akina mama walioninunulia hii mashine nitawatazama na macho gani?"

Nilimhurumia sana, nisiwafiche. Nikaichukua mashine mpaka karakana. Nilibadilisha pawa saplai. Nilitazama kapasita, vile vikopo vidogo vya kutunza stima, moja moja kama zimevimba. Niliweka feni mpya. Nikaifungia kwenye kona yetu ya joto, ile karibu na dirisha la magharibi mnayoikimbia, nikaipa kazi nzito kuanzia asubuhi, na haikukohoa hata mara moja. Nikairudisha Otonglo, nikapima stima kwenye soketi yake. Jirani yake mchomelea mageti alipoanza kazi, mita ikashuka na taa zikapepesa. Nikashangilia! Nikamwekea stabilaiza ya kusawazisha stima na ile betri ya akiba. Nikamwambia adui tumempata.

Ijumaa ikazima. Bahati nzuri siku hiyo kulikuwa na fomu za kanisa tu.

"Uliiwasha papo hapo kama nilivyokwambia?" nilimuuliza.

"Papo hapo? Nililia papo hapo."

Karakana nzima ikawa na maoni. Mmoja wetu alisema ni jirani amemwekea kitu mlangoni. Mwingine akasema, "Labda mashine hiyo ni Msabato. Inaweka kazi chini kabla jua la Ijumaa halijatua." Tulicheka, lakini mimi nilicheka kidogo. Na msiniulize kwa nini sikwenda Ijumaa nikajionea. Siku hizo Ijumaa zote tulikuwa tukitengeneza kompyuta za shule za upande wa Bondo. Niliposema nitaomba ruhusa nije, Mama Seline mwenyewe alikataa kabisa.

"Ijumaa nina watu wenye msiba. Utafungua mashine utumbo nje, mbele ya mjane? Yawa, kuwa na heshima!"

Nikaenda kumwona Mzee Ondiek. Alikuwa amestaafu, anaishi kwake upande wa Kisian, na nilimkuta anasikiliza redio iliyotolewa mfuniko wa nyuma, kwa sababu alisema redio yenye mfuniko ni kama mgonjwa aliyevaa koti. Nikamweleza yote. Akaniacha nimalize, akakuna sikio.

"Kompyuta haijui Ijumaa," akasema. "Mtu ndiye anayejua Ijumaa. Kuna mtu anafanya kitu."

"Lakini Mzee, nimemuuliza. Anasema anachapa tu, kama siku zote."

"Umemuuliza anachofanya na mashine. Atakwambia kuchapa. Hata mimi nikiulizwa nafanya nini na redio nitasema nasikiliza." Kisha akaanza kunilaumu kwamba nimenenepa, na mazungumzo ya kazi yakaishia hapo.

Hayo ndiyo yalikuwa mazungumzo yetu ya mwisho. Muda si mrefu Mzee akaugua, akalazwa, akafa. Habari ilinipata nikiwa nimeshika bisibisi mkononi, nikaendelea kuishika mpaka mtu akaichukua mkononi mwangu. Nililia kama mtoto. Wale mliokuwapo mnakumbuka, na wale msiokuwapo mjue kwamba Mama Volti analia.

Mjane wake, Mama Anyango, akasema programu ichapwe na Mama Seline. Alimjua tangu enzi za omena. "Alikuwa akimwekea Mzee wale wakubwa wakubwa," alisema. "Atamwandika vizuri."

Moyo ukanipasuka vipande viwili. Mzee Ondiek azikwe bila jina lake kwenye karatasi, mtu aliyenifundisha kila kitu? Hapana. Nikamwambia mjane kwa sauti ya chini kwamba karakana tunayo printa, naweza kuchapa mwenyewe mjini, kimya kimya. Kumbe Otonglo hakuna kimya kimya. Kabla sijafika nyumbani simu ililia.

"Kwa hivyo hata wewe," alisema Mama Seline. Hakupiga kelele, na hapo ndipo nilipoogopa. "Fundi wangu mwenyewe ananikimbia. Basi niambie tu, nitafute beseni langu liko wapi."

 Nikamwambia achape, na kwamba mimi nitakuja Ijumaa na familia kuzichukua. Safari hii asingeweza kunikataza, maana nami nilikuwa mwenye msiba.

Ijumaa hiyo nilivaa kitambaa cheusi kichwani, nikaongozana na Mama Anyango na shemeji yake, Mwalimu Oloo, mzee wa kanisa ambaye sala zake hazina breki. Tulifika Otonglo kabla ya saa sita. Nikaingia mlangoni, nikasimama.

Ile ofisi sikuijua. Nimeingia humo mara ngapi? Meza ile ile, viti vile vile, lakini kila kitu kilikuwa kimevaa. Viti vilikuwa na vitambaa vyeupe vya kushonwa kwa mkono, migongoni na mikononi. Meza ilivaa. Redio ilivaa. Kioo cha kompyuta kilikuwa na kofia yenye maua pembeni. Na sipiyu, lile boksi lenyewe lililosimama juu ya meza, lilikuwa limevishwa kitambaa kizito cha nyuzi nene, kimekwenda juu, mbele, nyuma, ubavu huu na ubavu huu, mpaka chini, kimepigwa wanga kikakakamaa kama bati. Palikuwa na tundu dogo mbele la kuingiza kidole na kuwashia. Lilikuwa maridadi kama bibi arusi, na pumzi ilikuwa haipiti hata ya sisimizi.

Nilifungua mdomo. Lakini Mama Seline alikuwa tayari amemshika mjane mikono yote miwili, wote wawili wanalia, na mtu hawezi kusema habari za feni hapo. Tukaketishwa. Chai ikaletwa. Printa ilikuwa inatoa kurasa moja baada ya nyingine, uso wa Mzee Ondiek na masikio yake unatoka, unatoka, na rundo lilikuwa bado dogo.

"Tuombe kwanza," akasema Mwalimu Oloo.

Nikafumba macho, na masikio yakafunguka. Chini ya sauti ya Mwalimu nilisikia feni. Ilianza na mluzi. Mwalimu alimshukuru Mungu kwa maisha ya marehemu, na mluzi ukapanda. Akawaombea waliosafiri, wanaotarajia kusafiri, na wenye magari yatakayowabeba. Feni ikalia sauti ile ile aliyokuwa akiiiga Mzee kwa mdomo kuwachokoza wateja. Akaingia kwa viongozi wa nchi. Nikajua viongozi wa nchi wana safari ndefu, na mashine haitawasubiri.

Nikashuka kitini polepole, kama mtu anayepiga magoti kwa uchungu wa roho. Nikatambaa. Nikaweka mgongo wa mkono kwenye kitambaa, nikauondoa haraka. Nikashika pindo na kuanza kulivuta juu taratibu. Nikafumbua jicho moja na kukuta jicho moja la Mama Seline limefumbuka linanitazama.

"Mama Volti!" alinong'ona kwa ukali. "Unamvua nguo mbele ya wageni?"

"Amina," akasema Mwalimu Oloo, na mashine ikazima.

 Printa ikabaki na ukurasa nusu mdomoni, Mzee Ondiek mpaka puani.

"Uwi!" Mama Seline akapiga kelele, akashika kichwa. "Uwi, nimekwisha! Mmeona? Mmeona wenyewe? Imezima tena! Mama Anyango, nisamehe, mimi si mtu wa kuchapa tena, mimi ni mtu wa omena!"

Nikakishika kile kitambaa kwa mikono miwili, nikakivua chote. Joto lilitoka kama umefunua sufuria ya ugali. Mwalimu Oloo alirudi nyuma na kikombe chake. Nikafungua ubavu wa boksi, nikachukua jalada la kadibodi, nikaanza kupepea, mimi na kitambaa changu cheusi na magoti yangu yenye vumbi, na huku napepea nasema, hapana, napiga kelele, "Si wewe umekwisha! Ni hewa imekwisha! Mashine imefunikwa pua!"

"Imefunikwa?" Mama Seline alikuwa bado ameshika kichwa. "Lakini mimi huifunika kila Ijumaa."

Akasikia maneno yake mwenyewe. Nilimwona akiyasikia. Akaketi kwenye kiti kilichovaa.

"Mama yangu alinifundisha," akasema. "Mtu mwenye msiba akiingia kwako asikute kitu kiko uchi. Kitu uchi mbele ya mjane ni dharau. Hicho kitambaa nilikishona msimu mzima, nikakimaliza kabla tu ya aibu ile ya kwanza. Wewe ukija, wewe ni fundi, nakivua nakiweka kabatini, kisichafuke na mikono yako. Ijumaa wageni wakija navisha." Akatazama boksi lililo wazi, nyaya zote nje. "Kwa hivyo ni heshima ilikuwa ikiiua?"

Nilitaka kumchokoza. Nilikuwa na maneno tayari, mnanijua. Lakini nilimwona anavyomtazama yule mjane, na maneno yakaisha. Nikamwambia, "Ni joto, Mama Seline. Heshima haina kosa."

Mzee alikuwa ameniambia kuna mtu anafanya kitu, nami nilikwenda kuuliza maswali ya stima. Ningeuliza tu, Ijumaa anakuja nani na unampokea vipi? Ulizeni hivyo, nyinyi mliobaki. Mteja hatawaambia kitu anachokiona ni adabu, kwa sababu hajui kwamba ni habari.

Tulingoja ipoe. Chai ya pili ikanywewa. Nikaiwasha, ikakubali, na kazi yote ilikuwa salama ndani. Printa ikatema ile nusu sura na kuanza upya. Mama Seline hakuweza kuketi. Alisimama mbele ya lile boksi lililo uchi na gauni lake limetanda, kumkinga mjane asilione, mpaka ikabidi nimwambie asogee kidogo maana alikuwa anaziba hewa tena. Mama Anyango akacheka. Alicheka kwa nguvu, na mkono mdomoni, kisha kicheko kikageuka kilio, na tukamwacha alie, kwa sababu tangu Mzee afe alikuwa hajalia mbele ya watu.

Rundo likakamilika. Majina yote, nyumba yote, na mimi mwenyewe niko ukurasa wa mwisho kama "mwanafunzi wa marehemu," na uzee wangu huu. Tulipokuwa tunatoka Mama Seline akatuita mlangoni. Alikuwa amebeba kile kitambaa kizito mikononi, hakijakunjwa.

"Mimi sitakihitaji tena hapa," akamwambia mjane. "Mzee hachemki tena. Mfunikeni yeye."

Jumamosi kilikuwa juu ya jeneza. Wanga ulikuwa mwingi mno, kikakataa kulala. Kiliketi pale katikati na kona zake nne zimesimama wima, na lile tundu la kidole mbele, na mbele za watu wote wa Kisian hakuna aliyejua umbo lile ni la nini isipokuwa sisi tuliokuwapo Otonglo, na mimi na Mama Seline tulisimama tumeshikana mikono tukijizuia kucheka. Mshereheshaji alisoma programu neno kwa neno, hakumsahau mtu. Walipofika kushusha jeneza, kijana mmoja akainama kukitoa, na Mama Anyango akamwambia akiache, na Mzee akashuka nacho.